ESR ya mwanangu inaweza isipande hata akiugua

Mwanangu ana seli mundu. Mwaka jana alishikwa na homa, mguu ukavimba juu kidogo ya goti, hagusiki. Zahanati wakapima ESR, kipimo cha damu ambacho kwa kawaida hupanda penye maambukizi, ikatoka 4. "Mama Baraka, hapa hakuna maambukizi, ni maumivu yake ya siku zote." Sikuridhika. Maumivu yake ya siku zote huhamahama, leo mkono kesho mgongo. Haya yaling'ang'ania pale pale.

Nikampeleka kliniki ya seli mundu. Daktari alipoona ile karatasi akatikisa kichwa. Kwenye ESR, alinieleza, damu husimamishwa kwenye mrija mwembamba, na baada ya saa moja husomwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Penye maambukizi, protini kama faibrinojeni huongezeka, chembe zinapangana kama sahani kabatini, zinakuwa nzito, zinashuka upesi. Chembe zilizopinda, kama za mwenye seli mundu, hazipangiki. Usaha unaweza kujaa mfupani na ESR isitikisike. Yote hiyo ni kwa sababu ya badiliko moja kwenye jeni ya HBB, katika kromosomu ya 11, ambalo mimi na baba yake tulimrithisha kila mmoja lake. Sisi tuna AS, yaani jeni moja ya seli mundu na moja ya kawaida, hatuumwi.

Akaagiza CRP, kipimo cha protini ya damu inayopanda penye maambukizi, picha ya mguu na kuotesha damu kuona kama ina bakteria. CRP hutengenezwa na ini, umbo la chembe haliihusu. Ilikuwa juu sana, na kwenye kuotesha ikaota bakteria ya Salmonela, ambayo kwa watoto hawa hupenda sana mifupa. Tukalazwa, sindano za mshipa mpaka nikazoea zamu za manesi.

Siku hizi natembea na daftari. Akiwa mzima kliniki, naomba wampime CRP, hemoglobini na chembe nyeupe, naandika. CRP ni ghali kuliko ESR, lakini siiruki, maana hata akiwa anacheza mpira yake huwa juu kidogo, na maumivu makali peke yake huipandisha. Bila kujua ya uzima, ya ugonjwa utailinganisha na nini?

ESR wakitaka kupima sikatai. Juzi alipata homa, ikasoma 22, kijana wa maabara akasema si mbaya sana. Nikamfungulia ukurasa wa ESR zake za nyuma: 3, 5, 4, 4. Akachukua daftari lenyewe akaenda nalo kwa daktari.