Ukingo wa Mshono

Mwaka 2017 nilikuwa nesi wa zamu ya usiku kwenye wodi ya upasuaji, Dar es Salaam. Mchana ule mama mmoja alikuwa ameondolewa titi kwa saratani. Saa nne usiku nilipofunua kidonda, ukingo wa ngozi kando ya mshono ulikuwa umekoza weusi.

Vitabu tulivyosomea vinasema ngozi inayokosa damu hupauka au hugeuka bluu. Kwenye ngozi zetu hayo huyaoni upesi, ndiyo maana mimi hugusa. Niliweka mgongo wa kidole pale, kisha upande wa pili wa kifua. Pale palikuwa pa baridi. Nikabonyeza, nikaachia, nikahesabu hadi sita ndipo rangi ikarudi. Sekunde mbili zingetosha.

"Mwanangu, unahesabu nini?"

"Naangalia damu inavyotembea, mama."

Sikumwambia kilichonitisha: ngozi ikifa, kidonda hufumuka, na dawa za saratani husubiri kipone.

Daktari alipofika alilegeza kwanza bandeji, maana ilikuwa imekazwa mno, akahakikisha hakuna damu iliyojikusanya chini ya ngozi. Kisha akatoa tyubu ya nitroglisirini, dawa ileile ambayo wagonjwa wa moyo huweka chini ya ulimi. Hulegeza misuli ya kuta za mishipa, mishipa ikatanuka. Akanisimulia utafiti wa Vancouver, Kanada, uliochapishwa 2015 kwa wagonjwa 165 walioondolewa titi na kutengenezewa jingine papo hapo: ngozi ilikufa kwa asilimia 33.8 ya waliopakwa mafuta matupu, na asilimia 15.3 ya waliopakwa dawa. Wale walipakwa upasuaji ulipokwisha tu. Sisi tulikuwa tumechelewa saa kadhaa, na hilo liliniuma.

Nilivaa glavu, kwa kuwa dawa hii hupenya hata ngozi ya anayeipaka, nikapaka utando mwembamba. Kila nusu saa nilimpima presha, kwani huweza kuishusha. Saa saba akasema kichwa kinamgonga. Nikamweleza kuwa ni dawa, nikakaa naye, nimemshika mkono.

Alfajiri pale palikuwa na uvuguvugu. Nikabonyeza: moja, mbili, tatu. Kama ni dawa au ni ile bandeji kulegezwa, siwezi kuapa.

Ulikufa ukanda mwembamba kama njiti ya kiberiti, ukabanduka wenyewe. Dawa za saratani alianza tarehe ileile aliyopangiwa. Nilimsindikiza mwenyewe.