Majibu ya Damu ya Newala

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi wa baiolojia nilipopanda Newala, mkoani Mtwara, kuomba damu ya watu wasioumwa kwa utafiti wa chanjo na kinga ya mwili. Katika mkutano wa kijiji aliinuka bibi mmoja, na kwa jinsi mwenyekiti alivyoinamisha uso nilitambua kwamba swali lake halikuwa geni pale.

"Mjukuu wangu," alisema, "nilipokuwa mtoto, maradhi ya viungo yaliwalaza watu huku, wakaja wataalamu wakatoa damu. Majibu yake umekuja nayo?"

Hotuba niliyoiandaa kuhusu seli na jeni niliiweka kando. Majibu yalikuwapo, na kila anayesoma virusi huyakuta mapema katika masomo yake: mlipuko ule wa 1952 na 1953 ndio uliotambulisha chikungunya, homa ya virusi yenye maumivu makali ya viungo, kwa sayansi, mtafiti R. W. Ross akakipata kirusi chenyewe katika damu ya mgonjwa, na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakachapisha maelezo ya ugonjwa na ya mbu aina ya Aedes, ambaye huzaliana katika maji yanayohifadhiwa majumbani. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, nani asiyehifadhi maji?

"Kumbe mlijua siku zote hizo," alisema bibi, bila ukali. Sikuwa na la kumjibu, na hata leo naona alikuwa na haki: sisi watafiti huhesabu kazi imekwisha makala inapochapishwa, hata kama mwenye damu hajaambiwa neno.

Aliendelea kuuliza kwa nini tulitaka damu yake akiwa mzima, tena mara kadhaa, kabla na baada ya chanjo. Nilimwambia kwamba huwezi kuuelewa msiba kwa kuhesabu waombolezaji siku ya maziko. Ni lazima ujue nani alipata habari kwanza, alimwarifu nani, na nani alishika jembe kabla hajaagizwa. Kinga ya mwili nayo ina mpangilio wa namna hiyo, ndiyo maana katika baiolojia ya mifumo tunapima utendaji wa maelfu ya jeni kwa pamoja, kisha kompyuta ikatafuta uhusiano wake. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walionyesha, kwa chanjo ya homa ya manjano, kwamba mabadiliko ya utendaji wa jeni katika damu siku chache tu baada ya kuchanjwa huweza kubashiri nguvu ya seli za T, yaani askari wa kinga ya mwili, zitakazojitokeza baadaye.

Alikubali, kwa sharti. "Nikiwa nimekufa, majibu atapewa nani?"

Fomu ya ridhaa haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Niliandika jina la mjukuu wake pembeni kwa kalamu, na kamati ya maadili ilipohoji maandishi yale, nikaomba fomu zote zilizobaki ziongezewe mstari wa mrithi wa majibu.