Upepo wa Dodoma na fohendi yangu

Jumamosi iliyopita nilifungwa tenisi 6-2, 6-1 na dada mmoja ambaye tunafanya kazi jengo moja kule Mtumba. Katika pointi zote alizopata, sidhani kama kumi alizipiga yeye. Zilizobaki nilimpa mimi, kwa mkono wangu wa kulia, nikigawa kama pipi za sikukuu.

Upepo ulikuwepo. Wenyeji wa Dodoma wanaujua: mwezi wa sita ukiingia tu unaanza kuvuma kutoka mashariki, na haupoi sawasawa hadi karibu na mvua. Uwanja wetu ni wa sementi, wa zamani, una nyufa mbili ambazo kila mchezaji anazijua kwa jina la mtu zilizomwangusha, na miarobaini ipo upande mmoja tu. Ukicheza upande usio na miti, unarusha mpira wa sevu, ule wa kuanzisha pointi, hapa, unakuja kuupigia pale. Vumbi jekundu linakuingia machoni, linaingia hadi kwenye meno. Saa moja asubuhi tayari tulikuwa tumefanana na mafundi wa tofali.

Mwalimu wetu, ambaye sote tunamwita Babu, alikuwa ameketi kwenye ndoo ya mipira iliyopinduliwa. Anafika kabla ya wote, anatupokea na "Mbukwenyi!" yake ya Kigogo, kisha anakaa kimya hadi umalize kuaibika. Nilipotoka akaniuliza: "Mama, leo ulikuja kucheza au kufagia uwanja?"

Nikamwambia ni upepo, Babu. Akasema upepo ulikuwa wa wote wawili.

Hapo ndipo ubishi wetu wa siku zote ulipoanza upya, maana binti yangu wa miaka kumi na mmoja alikuwepo, naye ana maoni. Kwa asiyecheza tenisi: fohendi ni kuupiga mpira ulio upande wa mkono unaoshika raketi, kiganja kikitazama mbele. Bekhendi ni upande wa pili, mgongo wa mkono ukitangulia, na siku hizi wanawake karibu wote huipiga kwa mikono miwili. Swali letu ni lipi kati ya hayo mawili linambeba zaidi mchezaji wa kike.

Babu ni mtu wa fohendi, na shahidi wake ni mmoja, hana haja ya wa pili: Steffi Graf. Mjerumani huyo alikuwa na fohendi iliyompa hadi jina la utani, na bekhendi yake muda mwingi ilikuwa slaisi tu, ule mpira wa kukatwa kwa chini unaoteleza bila kuinuka. Alichukua mataji 22 makubwa, yaani ya yale mashindano manne ya kila mwaka: Australian Open, Roland Garros ya Paris, Wimbledon ya London na US Open ya Marekani. Mwaka 1988 alichukua yote manne na dhahabu ya Olimpiki juu yake, na hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kuyafanya hayo katika mwaka mmoja akiwa mchezaji wa mmoja mmoja. Babu huyasema haya akiwa amesimama. "Wote walijua bekhendi yake haiumi. Wote walipeleka mpira huko. Akafanya nini? Akaukimbia, akazunguka, akapiga fohendi kutoka kona ya bekhendi!" Kisha huonyesha kwa miguu, vihatua vidogo vya pembeni, na kwa umri wake mwonekano wa zile hatua ni jambo la kumshukuru Mungu.

Binti yangu ni wa bekhendi. Shahidi wake ni Mmarekani Coco Gauff.

Tarehe 7 Juni 2025, Jumamosi, saa kumi jioni kwa saa zetu, tulikaa sebuleni Area C kuangalia fainali ya Roland Garros kati ya Gauff na Aryna Sabalenka. Nilikuwa nimetia maharage jikoni na nikayasahau, ndiyo maana siku hiyo naikumbuka kwa harufu. Paris kulikuwa na upepo! Binti yangu alicheka: "Mama, wako Dodoma hao!" Vumbi la uwanja lilikuwa linanyanyuka, mpira unayumba angani, na Sabalenka, namba moja wa dunia, mwanamke mwenye mkono mzito kuliko wote wa kizazi hiki, akaanza kuvuja. Alichukua seti ya kwanza 7-6, akapoteza mbili zilizofuata 6-2, 6-4. Alifanya makosa ya kujitakia 70. Sabini! Gemu huhitaji angalau pointi nne, kwa hiyo ni kama kumkabidhi mwenzako gemu kumi na saba na chenji.

Gauff hakufanya maajabu. Alikimbia, akarudisha, na upande wake wa bekhendi ulikuwa umefungwa kama mlango wa benki. Sasa huyu ni mchezaji ambaye dunia nzima inajua ugonjwa wake uko wapi: ni fohendi. Anaishika raketi kwa mshiko uliogeuzwa sana chini ya mpini, anavuta nyuma kwa mzunguko mrefu, na akibanwa na mpira wa haraka mkono unachelewa. Wapinzani wote wanaishambulia. Pamoja na hayo ana mataji mawili makubwa, US Open ya 2023 na hiyo ya Paris, na mara zote mbili aliyekuwa ng'ambo ya neti ni Sabalenka.

"Umeona?" binti akaniambia. "Ameshinda kwa bekhendi."

Nilinyamaza, kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua, na kwa sababu sikuwa na jibu. Jumamosi iliyopita, nikiwa na vumbi mdomoni, ndipo jibu lilinijia, na lilikuja kupitia aibu yangu mwenyewe. Katika kile kipigo cha 6-2, 6-1, bekhendi yangu haikuniangusha. Mimi si mchezaji wa maana. Nilianza kushika raketi nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya ofisi yetu kuhamia huku kutoka Dar. Lakini bekhendi yangu ya mikono miwili, upepo au bila upepo, inaingia. Haiumizi mtu, ila inaingia.

Kwa nini? Babu alinifundisha kwa mwiko. Hakutumia picha za mishale na pembe. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kusonga ugali wa uwele, nikasema nimelelewa Mpwapwa, nitakosaje kujua. Akasema basi bekhendi unaijua. Ugali wa uwele hausongwi kwa kifundo cha mkono, utavunjika. Unashika mwiko kwa mikono miwili, unauweka mwiko karibu na tumbo, kiuno kinageuka, mabega yanafuata. Mkono wa kushoto ndio unaosukuma, wa kulia unaongoza tu. Raketi haina pa kwenda kupotea, kwa sababu mikono miwili imeifunga kwenye mwili. Upepo ukisogeza mpira shubiri moja, mwili mzima unasogea nao.

Fohendi haina mwiko. Ni mkono mmoja, uko mbali na mwili, umeachiwa. Bega, kiwiko, kifundo, vidole, kila kiungo kina uhuru wake, na ndiyo maana ina nguvu kuliko kitu chochote uwanjani. Ndiyo maana pia inavunjika kwanza. Ukiwa na hofu kidogo, kifundo kinakaza. Mpira ukicheleweshwa na upepo, mkono umeshapita. Jumamosi nilipeleka mitatu mfululizo nje ya uzio, wa tatu ukaangukia kwa mama anayeuza vitumbua ng'ambo ya barabara, akaurudisha na vitumbua viwili akisema pole mama.

(Hapa Dodoma tuna ubaya mwingine. Tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko unavyokusudia. Ipo mipira maalumu ya sehemu za miinuko, lakini hiyo ni ya kuanzia mita 1,219, kwa hiyo sisi tumeikosa kwa kilima kimoja. Ongeza na nyuzi za raketi yangu ambazo zimelegea. Hapa mjini nilimpa fundi mmoja raketi akanirudishia imepinda, tangu siku hiyo namtuma mdogo wangu aipeleke Dar kwa treni ya SGR.)

Basi hoja yangu ni hii, na Babu ameikubali nusu. Kwa wanawake, fohendi ni muhimu zaidi, ila si kwa sababu anayoisema yeye ya kwamba ndiyo silaha. Ni kwa sababu ndipo mchezaji anapovuja. Bekhendi nzuri kwa wanawake wa juu siku hizi si habari, ni kama kujua kuendesha gari kwa dereva wa basi. Tazama mia moja bora wa dunia, utahangaika kumpata mwenye bekhendi mbovu kweli. Fohendi ndiyo inayowatenganisha, na mechi nyingi zinaamuliwa na swali moja: fohendi ya nani itaoza kwanza? Paris ilikuwa hivyo. Wote wawili walikuwa na bekhendi. Fohendi ya Gauff, mbovu kama inavyosemwa, ilivumilia upepo kuliko ya Sabalenka, ambayo ndiyo kali. Nikamwambia binti, mwanangu, hakushinda kwa bekhendi. Alishinda kwa sababu fohendi yake siku hiyo ilikataa kufa.

Na angalia kilichofuata. Wiki tatu na ushee baadaye, bingwa huyo wa Paris alitolewa raundi ya kwanza Wimbledon na Dayana Yastremska wa Ukraine, 7-6, 6-1. Kwenye nyasi za Wimbledon mpira hauinuki. Ule mshiko wake uliogeuzwa, unaopenda mpira wa kifuani, unatakiwa kuuchota mpira kwenye magoti. Bekhendi yake ilikuwa ile ile ya Paris.

Historia nayo ina vichekesho vyake. Chris Evert, bingwa wa zamani wa Marekani, alishika bekhendi kwa mikono miwili akiwa mtoto kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuinua raketi kwa mmoja. Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wake, alidhani ataiacha akikua. Hakuiacha, akachukua mataji makubwa 18, na watoto wa kike wa dunia nzima wakamwiga. Tatizo la bekhendi likaisha pale. Fohendi ikabaki na tatizo lake, hadi wakatokea waliosema, kwani lazima? Monica Seles alipiga mikono miwili pande zote. Marion Bartoli vilevile, akachukua Wimbledon mwaka 2013. Mtu kukubali kupoteza urefu wa mkono wake ili tu fohendi ifungwe kwenye mwili, hiyo si dalili ya kwamba anajua shimo liko wapi?

Babu aliniletea Justine Henin, maana anajua nampenda. Yule Mbelgiji mdogo, bekhendi ya mkono mmoja, mataji manne ya Paris, kitu cha kutazama hadi ukasahau chai. Nakubali, hiyo bekhendi ni nzuri kuliko nguo ya harusi. Lakini nikiangalia mechi zake za zamani naona bekhendi ikimfungulia uwanja, na anayemaliza pointi ni fohendi.

Palipo na udhaifu katika hoja yangu ni kwenye kupokea sevu, na dada aliyenifunga ndiye aliyenionyesha. Kwa wanawake sevu huvunjwa, yaani anayesevu hupoteza gemu yake, mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, kwa hiyo kupokea ni nusu ya mchezo. Na pa kupokelea vizuri ni bekhendi, kwa sababu mzungusho wake ni mfupi: unageuza bega, unaziba, umemaliza. Mmarekani Amanda Anisimova akipokea sevu ya pili, ile ya kurudia baada ya kukosea ya kwanza, kwa bekhendi yake, anayesevu anajuta kuirusha. Lakini ni Anisimova huyo huyo aliyefungwa 6-0, 6-0 na Iga Świątek fainali ya Wimbledon 2025, hapo hata bekhendi haikumwokoa. Miezi miwili baadaye, robo fainali ya US Open, akamfunga Świątek 6-4, 6-3. Kwa hiyo sijui nimsimamishe upande gani, namwacha kizimbani asubiri.

Baada ya maneno yote hayo Babu alinyanyuka kwenye ndoo, akaigeuza, akamwaga mipira hamsini. Mingine imekwisha manyoya, imebaki kama ndimu. Akanipeleka upande usio na miti, uso kwenye upepo. "Fohendi tu," akasema. "Nyingine zote leo ni marufuku." Binti akakaa kwenye mstari kuhesabu kwa sauti, bila huruma, ile inayoingia tu.

Kwenye ishirini mkono ulianza kuuma. Kwenye thelathini Babu akanipigia kelele nishushe bega. Upepo ukaja na mfuko wa nailoni ukaukwamisha kwenye neti, tukauacha hapo hapo.

Ziliingia kumi na tisa. Mama wa vitumbua alirudisha minne.