Kuingia katika darasa la mwenzako

Muhula umefika katikati, na wiki hii sehemu kubwa ya muda wangu nimeitumia nikiwa nimekaa viti vya nyuma katika madarasa ya wahadhiri wenzangu walioniomba niwaangalie wanapofundisha. Naandika haya huku daftari la maelezo likiwa bado wazi mezani, kwa kuwa niliyoyaona yamenizidishia imani kwamba mhadhiri wa chuo kikuu hufundisha akiwa peke yake mno, na kwamba miongozo na semina elekezi havitamfikisha mbali iwapo hakuna mwenzake anayeingia darasani kwake kwa nia njema.

Tazama namna tunavyowapata wahadhiri. Kijana anamaliza shahada ya kwanza kwa alama za juu, anabakizwa chuoni kuongoza semina, anakwenda kusoma shahada ya uzamili na hatimaye ya uzamivu, kisha anarudi na kukabidhiwa kozi yenye mamia ya wanafunzi. Katika utafiti amelelewa hatua kwa hatua: msimamizi amesoma kila sura ya tasnifu yake, wahakiki wamempinga, na wenzake wamemhoji kwenye makongamano. Katika ufundishaji hakuna aliyemtazama. Linaloniumiza zaidi ni kwamba tunajua vizuri jinsi ya kulea mwalimu, maana kila mwaka tunawapeleka wanafunzi wetu wa shahada za ualimu katika shule za sekondari kwa mazoezi ya kufundisha, na sisi wenyewe tunasafiri hadi wilayani, tunakaa nyuma ya darasa, tunasoma andalio la somo na baadaye tunakaa na mwanafunzi chini ya mti kujadiliana naye. Tukirudi chuoni, huduma hiyo hiyo tunanyimana.

Darasa lililonifundisha mengi zaidi wiki hii lilikuwa la fizikia, mwaka wa kwanza. Mwenzangu aliweka ubaoni swali moja: lori kubwa limegongana uso kwa uso na gari dogo, je, ni lipi limesukumwa kwa nguvu kubwa zaidi? Aliwataka wanafunzi wachague jibu kila mmoja kivyake, na walio wengi wakachagua kwamba gari dogo ndilo lililosukumwa zaidi. Hakuwasahihisha. Aliwaambia wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani yake. Njia hii ilienezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, tangu miaka ya 1990, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake waliokokotoa mahesabu magumu bila shida walishindwa maswali mepesi ya dhana, likiwamo la aina hii ya lori na gari.

Kilichofuata hakimo katika maelezo ya Harvard. Ukumbi ambao dakika chache nyuma ulikuwa kimya, mhadhiri akiuliza kwa Kiingereza na kujijibu mwenyewe, ulijaa sauti, na zote zilikuwa za Kiswahili. Mbele yangu msichana mmoja alimbana mwenzake: "Kama nguvu ni sawa, mbona gari dogo ndilo linalopondeka?" Mwenzake alifikiri, akachora mishale miwili iliyolingana, akamweleza kwamba nguvu ni ile ile lakini tungamo la gari dogo ni dogo, kwa hiyo mwendo wake hubadilika ghafla zaidi. Hiyo ndiyo sheria ya tatu ya Newton ikikutana na ya pili, imesemwa na kijana ambaye kwa Kiingereza huenda asingefungua kinywa. Baada ya kipindi mwenzangu aliniuliza kwa wasiwasi kama awakataze, kwa kuwa lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Nilimwambia asiwakataze hata kidogo. Wabishane kwa Kiswahili mpaka dhana iwakae, kisha wawili au watatu wasimame watoe hoja zao kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utawadai lugha hiyo na si haki kuwaacha wakutane nayo huko kwa mara ya kwanza. Nalisisitiza hili kwa kila anayenisikiliza: tunapowazuia wanafunzi kuzungumza lugha wanayofikiria kwayo, tunapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mbinu hizi.

Ushahidi wa mbinu zenyewe ni mzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, ulionyesha kwamba wanafunzi waliofeli walikuwa takriban asilimia 34 katika madarasa ya mihadhara mitupu, na asilimia 22 katika madarasa yanayowashirikisha. Hata hivyo utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanywa Harvard, uligundua kwamba wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Kwa hiyo fomu za tathmini za mwisho wa muhula, tukizitegemea peke yake, zinaweza kumwadhibu mhadhiri anayefanya vizuri. Isitoshe, fomu hizo hufika wakati wanafunzi waliozijaza wamekwisha kuondoka.

Ndiyo maana napendelea mazungumzo ya katikati ya muhula, utaratibu uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mhadhiri hutoka nje, mgeni huwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo, nao hukubaliana juu ya kinachowasaidia kujifunza, kinachowakwamisha na wanachopendekeza. Majibu hupelekwa kwa mhadhiri peke yake. Hapo sina mjadala: siku maelezo hayo yatakapoingia katika faili la kupandishwa cheo, hakuna atakayenifungulia mlango tena, na nitawaelewa.

Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, wenye mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga kumbi na maabara nchini Tanzania na kusomesha wahadhiri, na naushukuru kwa dhati, kwani wanafunzi wanaosikiliza wakiwa wamesimama dirishani hawawezi kugeukiana na kujadili. Ninachokitafuta mimi hakigharimu fedha nyingi, ila kinahitaji muda, na muda wa wahadhiri wetu umekwisha kugawanywa wote.

Jumanne nitakutana na mkuu wa idara. Nitamwomba saa moja kwa wiki ya kutembeleana ihesabiwe katika mzigo wa kazi wa kila mhadhiri atakayejiunga, na makubaliano ya usiri yaandikwe na kusainiwa kabla hatujaanza. Mwenzangu wa fizikia amekubali kuja nami, naye ataanza kwa kukaa nyuma ya darasa langu siku ya Alhamisi.