Ada ya Ubuyu

Januari 2006 nilikuwa nimefaulu kwenda kidato cha kwanza, na nyumbani kwetu Chamwino hapakuwa na punje ya uwele. Mvua ilikuwa imegoma. Hata bwawa la Mtera lilishuka, mijini wakakaa gizani kwa mgao wa umeme. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000. Mama alikuwa na magunia matatu ya ubuyu tuliouokota kiangazi.

Kuokota ni neno jepesi mno. Manyoya ya lile ganda yanawasha, na ukipasua kwa jiwe bila kuangalia unapasua kidole. Mimi nilipasua huku namumunya. Jioni mama alinitazama midomo tu, haulizi.

Mchuuzi akaja na mkokoteni wa punda. "Mbukwenyi!" Akasalimu vizuri kabisa, kisha akatoa magunia yake mwenyewe, sindano na wavu. Alipomaliza kushindilia, magunia yetu matatu yalikuwa mawili, kila moja na kichuguu juu. Lumbesa. Akataja bei.

"Haya ni mawili?" mama akauliza.

"Mama, ubuyu ni kitu cha porini. Hukulima, hukupalilia."

"Na wewe ulipanda?"

Mama akachukua kisu cha mboga, akakata uzi, akamwaga vyote kwenye mkeka. Mimi nilikwishaiona shule ikiondoka na ule mkokoteni.

Tulitwanga usiku ule na uliofuata. Ubuyu hautwangwi kama mtama: unauponda kwa upole, unga uachane na mbegu bila mbegu kupasuka, halafu unachekecha. Vumbi lake chachu linaingia puani, unakohoa mpaka machozi. Nyuzi nyekundu tukatupa. Mbegu mama akaziweka. Baadaye tulizikaanga na kuzitwanga, tukaungia mlenda.

Soko la Majengo, Dodoma mjini, tuliupima unga kwa kikombe. Wauza barafu za ubuyu ndio waliotuokoa, wakinunua vikombe kumikumi. Mmoja alionja kwa ncha ya ulimi, akarudi na shoga zake. Siku ya tatu viroba vilikuwa vitupu, ada imetimia, na debe la mahindi tukapanda nalo basi.

Shuleni karani alipokea zile noti, akalamba kidole, akahesabu mbili tatu. Akalamba tena. Akasita, akanitazama juu ya miwani.

"Mbona hela zako chachu?"