Mzee aliyeipima mizani

Jana nilimpeleka mtoto kliniki hapa Lindi. Nesi akamvalisha ile kaptula ya kupimia, akamning'iniza, akasoma, akaandika kwenye kadi. Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Nesi, huo mzani leo umeusawazisha? Maana mwezi uliopita ulimpunja mwanangu." Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilichelewa kucheka, kwa sababu akili ilikuwa imeshafika Tandahimba, chini ya bati la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Oktoba 2017.

Mwaka ule nilikuwa natafuta kazi. Chuo nimemaliza, shahada ya takwimu iko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la Mama, na maombi ya kazi nimetuma mpaka mwanasheria anayegonga mihuri ya vyeti ananiita kwa jina. Kijijini nilikuwa na jina jingine: Msomi. Msomi, nisomee hapa, dawa hii inanywewa kabla ya kula au baada? Msomi, hela nimetuma namba siyo, irudishe. Msomi, mbuzi wangu hali tangu juzi. Huyo wa mbuzi nilimjibu kwamba chuoni mimi nilisomea namba. Akaniambia, "Basi njoo umhesabu meno." Nikaenda. Alikuwa na jino bovu kweli.

Mtandao ulikamata mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya msikiti, na huko ndiko nilikoshinda nikisubiri barua pepe. Mama alivumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Akajifunga khanga, akaenda kwa katibu wa chama. "Njomba, huyu binti kasomeshwa hesabu kwa mkopo wa serikali. Mpe mizani." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza: karani wa mizani ya korosho kwa msimu mmoja.

Watu hudhani kijana aliyemaliza chuo akirudi kijijini amekwama. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na sababu yangu ni siku moja ya msimu ule.

Kwanza muelewe bei. Msimu ule kilo moja ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000 mnadani. Kwa bei hiyo hakuna aliyekuwa anachezea gramu. Watu walianika uani, mawingu yakionekana wote wanakimbia nje, mchana wakachambua, mbovu huku, nzuri huku, maana daraja la kwanza na la pili hazilipwi sawa. Na tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, yaani unakabidhi mzigo, unapewa stakabadhi, mzigo unauzwa mnadani, mkulima haonani tena na mnunuzi. Anayemwona ni karani. Ghala kuu, mnada, makato, benki, vyote vinaanzia kwenye ile namba nyekundu inayowaka kwenye kioo cha mizani kwa sekunde chache. Ukikosea pale, umemkosea mtu mwaka mzima. Nilikuwa naliwaza hilo kila ninapochukua kalamu, na usiku nikaota namba.

Siku hiyo mzee mmoja alifika na toyo, pikipiki ya matairi matatu, magunia tisa nyuma, mkewe juu ya magunia. Mwembamba, kofia ya mkono, macho ya mtu aliyeshapatana bei nyingi maishani. Tulikuwa hatujapima hata watu kumi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hayo magunia yaache kwanza. Nipime mimi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akavua viatu, akavipanga pembeni, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko gazeti lililokunjwa, ndani ya gazeti kadi yake ya zahanati. Akanionyesha kwa kidole: kilo 54. "Hii ya zahanati haina biashara na mimi," akasema. "Hainunui, haiuzi. Sasa tuone hii yenu."

Akapanda. Namba zikakimbia, zikatulia. 52.6.

Pakawa kimya kwa muda mfupi tu.

"Kilo moja na pointi nne," akasema mzee, taratibu, akiwa bado juu ya sahani. "Magunia tisa. Kilo kumi na mbili na pointi sita. Elfu hamsini na mia nne." Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafungua kikokotoo cha simu. Nilipomaliza, kikokotoo kikasema hivyohivyo.

"Mizani inakula!" mtu akapiga kelele nyuma, na foleni ikavunjika. Katibu akasimama juu ya benchi akielekeza ubavuni mwa mizani. "Jamani, stika ya Wakala wa Vipimo hii hapa! Imekaguliwa!"

"Stika haipimi, mwanangu," mzee akamjibu kwa upole kabisa. "Stika inabandikwa."

Kuanzia hapo chama kikageuka kliniki. Mama mjamzito akatoa kadi yake, akapanda. Fundi baiskeli akapanda. Kijana mmoja hakuwa na kadi lakini aliapa kwamba uzito wake anaujua moyoni. Watu wakamwita na mke wa mzee ateremke naye apimwe. Akawatazama kutoka juu ya magunia, akakaza khanga kichwani. "Mimi sikuja kuuzwa," akasema, na hakuna aliyemsumbua tena.

Niligeuza daftari nyuma nikachora safu mbili, kadi inasema nini na mizani inasema nini. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo moyo uliponidunda kwa furaha ambayo kwenye mtihani sikuwahi kuipata. Mama mjamzito alikuwa amezidi. Fundi amepungua kidogo. Mwingine amezidi, mwingine palepale. Mizani inayoiba huiba upande mmoja, hupunguza kila mtu. Hii haikuwa na upande. Nikapanda benchi la katibu nikaeleza hivyo kwa sauti, nikaonyesha daftari, na watu wakasikiliza kwa makini.

Kisha yule kijana wa uzito wa moyoni akasema, "Basi inakula wengine, inalisha wengine."

Wakakubaliana naye.

Nikavuka barabara mbio mpaka dukani, nikaomba tuazimwe mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Vijana wawili wakaubeba mpaka kwenye mizani. Umeandikwa kilo 50, na kioo kikasoma 50.2. Nikawaambia hizo pointi mbili ni karatasi ya mfuko na vumbi. Nikageuka kumtazama mzee, nina hakika tumemaliza.

Mzee akauzunguka ule mfuko polepole. Akaugusa maandishi. "Na huyu mwenye saruji," akasema, "yeye kapimwa na nani?"

Miaka yote ya darasani sikuwahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nalisema kwa heshima yote kwa walimu wangu. Kwa sababu mzee alikuwa sahihi: kila kipimo kinadhaminiwa na kipimo kingine nyuma yake, na kile nacho kina cha nyuma yake, na mkulima wa Tandahimba haoni mwisho wa mnyororo huo. Anachokiona ni kilichoko mbele yake. Na kumbukumbu anazo. Mzee alitusimulia palepale habari za kangomba, mnunuzi anayeingia kijijini miezi ya njaa na fedha taslimu na kopo lake, kopo linajazwa mpaka linamwagika lakini linahesabiwa kama limejaa tu. Akatusimulia na za mnunuzi mwingine, enzi za ujana wake, aliyekuwa na mazoea ya kuegemea mizani upande wa mawe ya kupimia, kama mtu aliyechoka. "Alikuwa anachoka kila akinipimia mimi," akasema. "Akimpimia ndugu yake, hachoki."

Nikaagiza mfuko wa sukari. Nikaagiza na wa unga. Yote ikasoma sawa na ilivyoandikwa, na vumbi lake juu. Nikamwambia, "Babu, hivi ni viwanda vitatu tofauti. Haviwezi kukutana vikapanga namba moja."

Akafikiri sana. "Vinaweza," akasema.

Jua lilikuwa limeshapanda, na magunia bado yamejipanga mpaka barabarani. Katibu ameketi, kichwa mikononi. Hapo mke wa mzee akasema kutoka juu ya toyo, bila kuinua sauti: "Waambie siku ile ya zahanati ulivaa nini."

Mzee hakujibu.

"Ilikuwa Julai," mama akaendelea, akitueleza sisi. "Baridi ya huku mnaijua. Alikwenda na koti lile zito, na redio mfukoni. Tena redio na betri zake."

Mtoto akatumwa na baiskeli. Tulingoja watu zaidi ya mia moja, na hakuna aliyeondoka kwenye foleni, hata waliokuwa wa mwisho. Nakumbuka harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mikorosho jirani, na mwanamke mmoja akigawa ming'oko ya kuchemsha kutoka kwenye beseni bila kudai hela. Mtoto akarudi amelivaa koti lenyewe, linaburuza kwenye matairi.

Mzee akalivaa. Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja. Akatia redio mfukoni, akaipapasa kuhakikisha betri zimo. Akapanda. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakitazama kioo kidogo hivyo. Namba zikakimbia, zikasita, zikasimama: 54.1.

Kelele zilizopigwa pale ungedhani timu imefunga bao. Mtu alimkumbatia katibu. Mzee akashuka, akapanda tena peke yake, akasoma mwenyewe, akashuka. "Mizani haina kosa," akatangaza. "Pimeni korosho."

Tukapima magunia yake tisa. Aliisoma kila namba kwa sauti kabla sijaiandika, na nilipompa stakabadhi aliikunja ndani ya lile gazeti, pamoja na kadi ya zahanati.

Sasa hili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Koti lile halikuwa ushahidi. Kati ya Julai na Oktoba mwili wa mtu unabadilika, anapalilia, anaugua, anafunga, anapata nafuu. Kwamba koti na redio vilijaza pengo karibu kabisa ni bahati nzuri tu. Ushahidi wa kweli ulikuwa saruji, sukari, unga, na zile safu mbili nyuma ya daftari. Lakini watu hawakushangilia saruji. Walishangilia koti. Mimi mwenyewe, mwenye shahada ya takwimu, nilirukaruka kwa ajili ya koti. Sijaamua kama siku ile tulimthibitishia mzee ukweli, au tulipata jibu ambalo wote tulikuwa na hamu nalo. Nimewauliza watu ninaofanya nao kazi, kila mmoja ana lake.

Msimu uliobaki ulikwenda upesi. Chama kilinunua ule mfuko wa saruji, ukakaa pembeni ya mizani, na kila asubuhi ulipimwa mbele ya watu kabla ya gunia la kwanza. Mvua za kwanza zilipoanza, saruji ikanyonya unyevu ikaganda, na namba yake ikaanza kupanda kidogo kidogo. Watu wakafurahi, wakasema mizani sasa imekuwa na huruma. Nilieleza habari ya unyevu, nikaomba mfuko mpya, nikapewa. Hili la pili halikunipa shida, maana unyevu kila mkulima wa korosho anaujua kuliko mimi.

Januari nikaitwa usaili wangu wa kwanza wa ana kwa ana, mjini Mtwara. Meza ndefu, watu watano. Mmoja akauliza nina uzoefu gani wa kuhakiki ubora wa takwimu. Nikawasimulia habari ya mzee, yote, na koti, na redio, na betri zake. Nilisimulia nikiwa nimesahau niko wapi. Nilipomaliza, yule wa katikati, ambaye muda wote alikuwa akiandika bila kuinua uso, akaweka kalamu chini.

"Na yule mkewe," akauliza, "mwishoni alipimwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Alikataa mpaka tunafunga."

Wakatazamana, wakacheka, wakaniambia watanipigia. Hawakupiga. Simu iliyokuja ilikuwa ya mahali pengine kabisa, mwezi wa Machi, na huko hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu mizani.