RTX 50 Super: hesabu memori kwanza, bei baadaye

Tetesi za RTX 50 Super, matoleo yaliyoboreshwa ya kadi za michoro za Nvidia za RTX 50, zimekuwa zikizunguka tangu 2025, na zinataja kadi tatu: RTX 5070 Super ya GB 18, RTX 5070 Ti Super ya GB 24 na RTX 5080 Super, nayo ya GB 24. Maonyesho ya teknolojia ya CES ya Januari 2026 yalipita bila Nvidia kutangaza kadi mpya ya kompyuta za mezani, lakini wapo wengi ambao bado wameshikilia pesa zao wakizisubiri. Anayesubiri anastahili kujua ni bei gani itamfaa na ni bei gani itakuwa ya kumlangua. Hesabu hiyo unaweza kuifanya leo, kwa kutumia upana wa njia ya memori na bei za kadi zilizokwisha kutoka.

Tuanze na memori, maana ndiyo sababu hasa ya kadi hizi kuzungumzwa. Kila chipu ya GDDR7, aina ya memori ya kadi hizi, huunganishwa na GPU, chipu kuu ya kadi, kwa njia yenye upana wa biti 32. RTX 5070 ina biti 192. Gawanya kwa 32, unapata chipu 6. Kila moja ina GB 2, ndiyo maana kadi nzima ina GB 12. Weka chipu za GB 3 mahali pale pale, bila kuigusa GPU yenyewe, na 12 inakuwa 18. RTX 5070 Ti na 5080 zina biti 256, yaani chipu 8: kwa chipu za GB 2 ni GB 16, kwa chipu za GB 3 ni GB 24. Na chipu hizo zipo tayari. RTX 5090 ya laptopu hutumia 8 kupata GB 24, na RTX PRO 6000 ya watu wa kazi nzito imefika GB 96 kwa njia ya biti 512: nafasi 16, kila nafasi chipu mbili, kila chipu GB 3.

Hesabu hii ndiyo chekeche ya tetesi. Ukiona mahali pameandikwa "5070 Super GB 16, biti 192", shaka ianze hapo hapo. Biti 192 hufika 16 kwa kuchanganya tu chipu za ukubwa tofauti, na ukichanganya, sehemu ya memori hubaki na njia nyembamba kuliko nyingine. GTX 660 ya 2012 ilifanya hivyo ili kuwa na GB 2 kwa biti 192, lakini kwa kadi mpya sioni sababu ya kurudi huko wakati chipu za GB 3 zipo. Vivyo hivyo, jina la kadi likionekana kwenye orodha za usajili za Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, lisikutie haraka. Watengenezaji husajili huko majina mengi kwa tahadhari, na mengine hayafiki dukani kamwe.

Sasa bei. GB moja ya ziada ina thamani gani kwa mnunuzi? Watengenezaji wenyewe walishatujibu mwaka 2025. RTX 5060 Ti ilitoka kwa dola 379 ikiwa na GB 8, na dola 429 ikiwa na GB 16. GPU ni ile ile, kori (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani yake) ni zile zile 4,608. Radeon RX 9060 XT ya AMD, mshindani wa Nvidia, ikatoka kwa dola 299 na 349, tofauti ni memori tu. Kampuni mbili zinazoshindana, jibu moja: GB 8 kwa dola 50. Hiyo ni dola 6.25 kwa GB, bei ya mnunuzi, si gharama ya kiwandani.

Tuipitishe hesabu hiyo kwenye tetesi. 5070 Super inasemekana kuwa na kori 6,400 badala ya 6,144, nyongeza ya kama asilimia 4. Memori inaongezeka GB 6, ambazo ni dola 37.50. Chukua 549 ya RTX 5070, ongeza hizo, ongeza asilimia 4 kwa ajili ya kori, unafika kama dola 609. Bei yake ya haki ni 599. Na ina sababu nyingine ya kutovuka hapo: RX 9070 XT ya AMD ilitangazwa kwa hiyo hiyo 599, ina GB 16, na kwenye gemu zisizotegemea sana ufuatiliaji wa miale (ray tracing, mbinu ya kuchora mwanga) huipita 5070 waziwazi. GB 18 peke yake haizibi pengo hilo. Ila AMD nao wana ukuta wao. GDDR6, memori ya kizazi cha nyuma iliyo kwenye kadi zao, huishia GB 2 kwa chipu, kwa hiyo hawawezi kubadilisha chipu tu wakapata 24. Njia yao ni kuweka chipu pande zote mbili za bodi na kuruka hadi 32, kama walivyofanya kwenye Radeon AI PRO R9700.

5070 Ti Super ni rahisi: kori 8,960 zile zile, GB 8 zaidi, kwa hiyo 749 jumlisha 50, yaani 799. Hii ndiyo ningeipendekeza kwa anayeendesha modeli za akili unde nyumbani, maana modeli ikizidi memori ya kadi, sehemu yake inahamia RAM ya kompyuta na kasi inaanguka vibaya.

5080 Super ndiyo inayohitaji ukali zaidi, kwa sababu msingi wake wenyewe ulikuwa ghali. RTX 5080 ina kori 10,752, asilimia 20 zaidi ya 5070 Ti, lakini bei yake ya dola 999 imezidi kwa asilimia 33. Kwa kipimo cha 5070 Ti, 5080 ilipaswa kuwa kama dola 899. Ongeza 50 za memori, uwe mkarimu ongeza nyingine 50 kwa kasi ya memori inayotajwa kupanda kutoka GB 960 kwa sekunde hadi 1,024, unarudi 999. Maana yake Super ichukue bei ya 5080 na 5080 ya kawaida ishuke au iondoke.

Hilo si ombi la ajabu. Januari 2024, RTX 4080 Super ilitoka kwa dola 999 huku 4080 ikiwa imetoka kwa 1,199. RTX 4070 Ti Super ilichukua bei ile ile ya 799 na kuongeza memori kutoka GB 12 hadi 16. RTX 4070 Super ilikaa kwenye 599, na 4070 ikashushwa hadi 549. Mwaka 2019 pia, 2070 Super ilianza kwa 499 kama 2070. Kati ya RTX 20 Super, ni 2060 Super pekee iliyopandishwa, dola 399 dhidi ya 349, nayo iliongeza kori na GB 2.

Kinachovuruga yote haya ni memori kupanda bei tangu mwishoni mwa 2025, vituo vya data vikinunua kila kinachotoka kiwandani. Desemba 2025 Micron, mtengenezaji wa memori, ilitangaza kuachana na Crucial, jina lililozoeleka kwa wanunuzi wa RAM na SSD. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Bei ya memori ikipanda, haipandi kwa zile GB za nyongeza tu, inapanda kwa zote zilizo kwenye kadi. Tuseme ile dola 6.25 imekuwa 12.50. 5070 Super inafika kama 710, 5070 Ti Super 949, 5080 Super 1,149. Ikizidi hapo wakati memori imepanda mara mbili tu, mnunuzi analipia jina. Na anayeumia zaidi ni wa chini: 5060 Ti ya GB 16 inatoka 429 hadi 529, asilimia 23, wakati 5090 ya GB 32 inatoka 1,999 hadi 2,199, asilimia 10 tu.

Ndipo kishawishi cha kadi za GB 8 kinaporudi, nami nakipinga kwa nguvu zote. 5060 Ti husoma memori yake kwa GB 448 kwa sekunde. GB 8 zikijaa, tekscha (picha za nyuso za vitu kwenye gemu) zinazobaki huvushwa kutoka RAM kupitia PCIe, kiunganishi cha kadi na bodi ya kompyuta, na kadi hiyo hutumia njia 8 tu. Kwenye bodi ya PCIe 3.0, kama zilivyo nyingi kati ya kompyuta za ofisini zilizotumika zinazouzwa kwetu, njia 8 hupitisha chini kidogo ya GB 8 kwa sekunde. Kutoka 448 hadi 8! Wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri kwenye jedwali huku gemu ikikwama kila ukigeuka. Anayenunua kwa bodi ya namna hiyo ndiye anayehitaji GB 16 kuliko mwenye bodi mpya.

Bei elekezi nayo isichukuliwe kama ile ya mafuta. Ya mafuta, Tanzania ina EWURA ya kuisimamia. Ya kadi haina msimamizi. Kinachosaidia ni Nvidia kuuza kadi yake yenyewe kwa bei iliyotangazwa. 5070, 5080 na 5090 zilikuwa nayo. 5070 Ti haikuwa nayo, ikaachiwa watengenezaji washirika. Kadi ya Super ikitangazwa bila Founders Edition, yaani hiyo kadi ya Nvidia yenyewe, ichukulie bei ya jukwaani kuwa ndiyo ya chini kabisa.

Kisha bei ya Marekani hutajwa bila kodi ya mauzo. Kadi ya 599 ikiagizwa kwa nauli ya dola 40, thamani inayotozwa ni 639. VAT ya asilimia 18 ya Tanzania inaifikisha 754, ya asilimia 16 ya Kenya 741, kabla ya tozo nyingine za forodha na faida ya muuzaji. Kwa hiyo 5070 Super ikionekana Kariakoo kwa dola 800 na kidogo, muuzaji hajakulangua.

Mwisho ni umeme, ambao nao ni bei. Tetesi zinaipa 5080 Super wati 415 dhidi ya 360, na 5070 Ti Super wati 350 dhidi ya 300. Kwa 5080 ya sasa Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 850, kwa 5070 Ti wati 750. Kwa wati 415 ningeenda 1,000, yenye waya wake wa 12V-2x6, plagi ya umeme ya kadi hizi, badala ya adapta, na plagi isukumwe hadi mwisho bila ufa kuonekana, waya usikunjwe karibu na plagi. Pini isiyoshika vizuri huzisukumia nyingine mzigo wake, na hapo ndipo plastiki huanza kuyeyuka. Kama pawa saplai uliyonayo haifiki, bei ya nyingine iingize kwenye bei ya Super kabla hujailinganisha na 5080 ya kawaida.